Kabla hujala advansi ya "kiti cha Louis", uliza ni Louis yupi

Juzi usiku fundi mmoja kijana kanitumia picha ya kiti cha rangi ya dhahabu, na ujumbe: "Kaka, mteja anataka viti 50 vya Louis vya ukumbini, nimpe bei gani?" Nilikuwa nakula, sahani nikaisogeza pembeni. Ujumbe huo, karibu kwa maneno yale yale, niliwahi kuuandika mimi miaka tisa iliyopita, na niliyemwandikia alinitajia bei tu, akaendelea na shughuli zake.

Mimi bei sitaji. Nitasimulia yaliyonikuta, na nyie wengine mlioko Keko ya Dar, Ngong Road ya Nairobi na kwingineko, mnaotaka siku moja mtoke kwenye stuli za mama lishe mshike kazi za wakubwa, sogeeni.

Mteja wangu alikuwa mama wa makamo mwenye ukumbi wa harusi, aliyekaa Ulaya miaka mingi. Akanipa advansi ya nusu na maelezo ya maneno matatu: viti vya Louis. Nikatafuta kwenye simu, nikaona kiti chenye miguu iliyopinda kama mbuzi anayetaka kuruka, kimejaa majani na makombe ya baharini. Nikasema hiki hapa. Viti 24. Mguu wa namna ile unataka ubao mnene wa mninga, halafu sehemu kubwa inaishia kuwa kuni, maana pindo hulipati bila kukata huku na huku. Miezi miwili ya patasi na msasa nairuka, haina utamu.

Siku ya kukabidhi alikizunguka kiti cha kwanza mara mbili, akainama, akapitisha kidole kwenye goti la mguu. Kisha akasema, kwa upole kabisa: "Fundi, umenitengenezea viti vya babu yake."

Vijana wangu wakacheka kwa kuwa mama alicheka. Mimi nilikuja kuelewa baada ya miezi: hao Louis ni wafalme wa Ufaransa, Louis wa 15 alikuwa babu yake Louis wa 16, na mama alitaka viti vya mtindo wa mjukuu. Advansi niliirudisha kidogo kidogo mwaka mzima, viti vikaenda kwa bei ya kutupa. Hadi leo nikipita mbele ya ukumbi ule natazama upande wa pili wa barabara.

Nikaanza kusoma, kwa hasira zaidi kuliko kwa hamu.

Kumbe habari ya viti vya mjukuu ilianzia ardhini. Mwaka 1738 walianza kuifukua Herculaneum, na 1748 Pompeii, miji ya Kirumi iliyozikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Ulaya ikapagawa na Warumi na Wagiriki. Robert Adam, msanifu majengo wa Skoti, aliondoka kwao 1754 kwenda kusoma magofu ya Italia, akarudi 1758, na kwenye nyumba alizopamba, dari, zulia na meza vilikuwa na mchoro wa ukoo mmoja: vyungu vya kale, mashada ya majani, mistari iliyonyooka. Ufaransa nako watu walishachoka na mapindo. Miguu ya viti ikanyooka.

Jina la mtindo, "Louis wa 16", linadanganya, lakini. Miguu ilianza kunyooka babu angali hai. Mjukuu alikalia kiti cha enzi 1774 akaukuta mtindo umeshika mji.

Sasa kitazame kiti cha mjukuu kwa karibu. Mguu ni wa kukereza, unapungua kuelekea sakafuni, umechimbwa mifereji ya wima kama nguzo ya hekalu. Juu, unapokutana na fremu ya kukalia, kuna kijisanduku cha mraba chenye ua la duara. Nilidhani ni urembo mtupu, mpaka nilipokifungua kiti kimoja kibovu. Ule mraba ndio unaokupa nyama ya kuchimba matundu mawili ya ulimi, yaani ncha ya ubao inayochomekwa, moja kila upande, na bado mguu ukabaki mwembamba bila kupasuka. Ua limekaa juu ya kazi ngumu kuliko zote.

Egemeo la duara nalo lilinifunza adabu. La kwanza nililikata zima kutoka ubao mmoja. Shemeji yangu akaegemea, kaa! Likakatika pale ambapo nyuzi za mbao zimepita kwa kukingama. Duara lile huungwa kwa vipande, nyuzi zifuate mzunguko. Hilo sikulisoma popote, nililisikia likikatika.

Fundi ninayempenda kuliko wote ni Jean-Henri Riesener, mzaliwa wa Ujerumani. Bosi wake Oeben alianza meza ya kuandikia ya Louis wa 15 mwaka 1760, akafariki 1763 bila kuimaliza. Riesener akamwoa mjane wa bosi, na meza akaimaliza 1769. Baadaye akawa fundi wa mfalme Louis wa 16. Yakaja mapinduzi ya Ufaransa, mfalme akakatwa kichwa 1793, samani za jumba lake la Versailles zikapigwa mnada, na Riesener akanunua baadhi ya kazi zake mwenyewe akitumaini atauza tena. Wanunuzi hawakuja. Usiku nilioisoma habari hiyo nilivikumbuka viti vyangu 24 chini ya turubai, nikajiona tuko wawili.

Wiki iliyopita nimekabidhi viti 40 vya mjukuu kwa hoteli moja. Hakuna hata kimoja kilichorudi. Naruhusiwa kujisifu kidogo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, soma. Kabla ya kununua mbao, soma. Wenzako wa Paris zama hizo, fundi wa viti alikuwa mbali na fundi wa kabati za vinia, zile mbao nyembamba za kubandika, mpakaji dhahabu mbali, mvika kitambaa mbali, na bwana fundi alitakiwa kugonga muhuri wa jina lake kwenye kazi yake. Wewe unataka ufanye yote peke yako, kwa picha moja ya WhatsApp, halafu ulaumu wateja! Jina lako ungethubutu kuligonga chini ya kile kiti? Tuna uvivu wa kuuliza, tunaona kuuliza ni kujishusha. Uliza. Tengeneza kimoja, mwite mteja akikalie, ndipo ufanye vilivyobaki.

Na ile picha yako nimeikuza. Egemeo ni la duara, la mjukuu. Miguu imepinda, ya babu. Huenda aliyekichora anajua anachofanya, kwa sababu palikuwa na kipindi katikati ambapo mafundi walichanganya, na hata ile meza ya Oeben na Riesener imo humo. Au huenda mteja wako ameokota picha kama nilivyookota mimi. Mpigie leo, umuulize kuhusu miguu.