Baba watoto hajatoa matunzo kwa miezi 14, nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 7, na ninauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Ndoa yetu ilivunjwa katika Mahakama ya Mwanzo, na baba watoto akaamriwa kutoa shilingi 120,000 kila mwezi kwa ajili ya matunzo. Alitoa kwa miezi sita, kisha akahamia visiwani upande wa Ukerewe na mitumbwi yake miwili ya dagaa. Huu ni mwezi wa 14, na nimepokea kwa simu shilingi 50,000 mara mbili tu. Binti yangu anakwenda shule na sketi ambayo nimeishusha pindo mara mbili, na sasa haina pindo la kushusha tena. Wazee wa upande wake wanataka nipokee nusu ya deni tuyamalize kifamilia, na ndugu zangu wanasema nimzuie asiwaone watoto mpaka alipe. Polisi waliniambia nirudi mahakamani. Nifanye lipi?
Mama wa wawili, Kirumba, Mwanza

JIBU: Mama, pole sana kwa mzigo unaoubeba peke yako. Waliokuambia urudi mahakamani walikuelekeza vema, kwa sababu amri unayo tayari na kilichobaki ni kuitekeleza. Akina mama wengi hudhani kwamba hakimu akishatamka amri, mahakama yenyewe itafuatilia kila mwezi kama fedha zimetoka. Haiko hivyo. Mahakama husubiri mdai arudi na kusema kwamba mdaiwa hakutii, na hapo ndipo mdai hufungua maombi ya kukazia hukumu, yaani kuomba amri itekelezwe, katika mahakama ileile iliyoitoa.

Anza na hesabu, maana mdaiwa wa aina hii hujitetea kwa kusema kwamba alikuwa akituma. Chukua daftari, uandike kila mwezi na tarehe yake, kiasi kilichotakiwa, kiasi kilichopokelewa na kilichobaki. Kwa maelezo yako, miezi 14 ni shilingi 1,680,000, na ukitoa zile 100,000 alizotuma, malimbikizo ni shilingi 1,580,000. Usifiche hata shilingi moja aliyotuma, kwa kuwa hakimu akikuta umeficha kidogo atakutilia shaka katika mengi. Omba katika ofisi ya kampuni ya simu taarifa ya miamala ya miezi hiyo yote, uiambatanishe pamoja na nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri.

Kisha tafuta mali yake ilipo, na hapa ndipo maombi mengi hukwama. Mvuvi hana mshahara ambao mwajiri angeamriwa kuukata, na leo yuko kisiwa hiki, mwezi ujao yuko kingine. Lakini mtumbwi haufichiki. Una namba ya usajili, unalipiwa leseni, na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwalo unapotia nanga wanamfahamu mwenye mtumbwi, injini na taa. Andika namba hizo, jina la mwalo na la kijiji, pamoja na kiwanja, mifugo au kitu kingine chochote anachomiliki, kwa kuwa baadhi ya vitu, hasa zana za kazi na nyumba anayoishi mdaiwa, vinaweza kulindwa na sheria visikamatwe. Mwambie karani kwamba mali ipo wilaya nyingine, ili akueleze namna amri itakavyopelekwa kutekelezwa huko.

Kuhusu nusu ya deni, ninawaheshimu wazee, lakini fedha hizo ni za watoto, si zako wala si za ukoo, na sioni kwa nini watoto ndio wasamehe. Kama hawezi kulipa kwa mkupuo, kubali awamu, na makubaliano hayo yaandikwe mbele ya hakimu. Wewe unaijua biashara hii kuliko mimi: dagaa huvuliwa wakati wa giza, na mbalamwezi ikitoka mapato hukatika. Awamu zikipangwa mwishoni mwa giza, atalipa akiwa na fedha mkononi. Akisema kiwango kimemzidi, yeye mwenyewe aombe mahakama ikipunguze, nawe waweza kuomba kiongezwe, kwa kuwa hakimu huangalia kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Mpaka kibadilishwe, kiwango ni kilekile. (Kabla ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kuamriwa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi, na mama zetu wengi walilea kwa hizo.)

Ushauri wa ndugu zako, naomba usiufuate. Haki ya mtoto kumwona baba yake haiuzwi kwa matunzo, na ukimzuia utakuwa umempa hoja ambayo hana leo. Akija, mwache awaone, uandike tu tarehe aliyokuja.

Usiogope kwenda bila wakili. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watakusaidia kuandika maombi bila malipo. Na pale utakapoulizwa tarehe ya kumpelekea wito, omba iwe ya wiki ya mbalamwezi, wakati mitumbwi imepandishwa mchangani na nyavu zinashonwa, ili mpeleka wito amkute yeye na akute na mali yake.