Mcheki Tony Allen wa Lagos

Kaka unayeuliza kama mpiga dramu anaweza kuishi kwa kuhamahama bendi na miji, mcheki Tony Allen, mpiga dramu wa Nigeria. Alikua fundi kwenye redio Lagos, dramu akajifunza mwenyewe, na kwenye bendi ya Victor Olaiya alianza kwa kugonga vijiti tu. Zile sahani mbili za dramu zinazopigwa kwa mguu wa kushoto (hi-hat) alizielewa kwa kusoma makala ya Max Roach, mpiga dramu wa jazz, kwenye jarida la Marekani, we sikiliza ule mguu unavyoongea peke yake. 1964 akaingia kwenye bendi ya Fela Kuti, 1969 wakafika Los Angeles, akatoka mwishoni mwa miaka ya 70 sababu pesa nayo ilikua ishu, kisha London, Paris, na uzeeni bado alikua anapiga na Damon Albarn, mwanamuziki wa Uingereza, hadi alipofariki 2020.