Siki haizuii uzi mwekundu kutoa rangi

Dada mmoja ameniuliza kama akiloweka kitambaa cha kochi cha kroshia kwenye siki hakitatoa rangi. Hapana dada, siki haizuii kitambaa kutoa rangi kama kimefumwa kwa uzi wa pamba. Asidi husaidia rangi kushika kwenye sufu, hariri na nailoni; rangi za pamba ni za aina nyingine. Chumvi nayo humsaidia mtia rangi tu, wakati uzi ungali ndani ya sufuria ya rangi.

Nafuma kroshia za kuuza hapa Kampala, na oda za rangi za bendera ndizo zinazonitia wasiwasi: nyekundu ikitoka, njano iliyo jirani inageuka chungwa, na huirudishi tena. Kwa hiyo pima kabla hujaanza. Lowesha kipande cha uzi, kifunike kwa kitambaa cheupe, kandamiza kwa pasi ya moto. Ukiona doa, suuza uzi wote mpaka maji yatoke safi, uukaushe ndipo ufume. Kikishafumwa, fua haraka kwa maji baridi, na usikiache kimekunjwa kikiwa kibichi.

Uzi wa akriliki kwa kawaida hautoi rangi, ila huo usiupige pasi ya moto, unalegea na kuharibika.