Mwitikieni kasuku kabla hajapaza sauti

Swali la wiki hii limeletwa na msomaji wa Kisauni, Mombasa, ambaye kasuku wake wa kijivu hupiga kelele kila anapoachwa peke yake sebuleni, hata jirani wa ghorofa ya juu amekwisha kulalamika mara kadhaa. Naye anauliza kama kumfunika kwa shuka kila anapoanza kutamnyamazisha. Nami ninafuga kasuku wa aina hiyo hiyo, na jibu langu ni kwamba shuka halitamfunza lolote, kwa sababu ndege huyo hafanyi ukorofi: anawaita wenzake, na wenzake ni ninyi wa nyumba hiyo.

Kasuku wa kijivu, ambaye kwao ni misitu ya Kongo na nchi jirani hadi Uganda na magharibi ya Kenya, huishi kwa makundi. Kundi linapotawanyika kutafuta chikichi na matunda mengine, mmoja huita na mwingine huitika, ili wasipoteane. Nyumbani mambo ni yale yale. Unapoingia jikoni asikuone, huanza kwa sauti ndogo, mluzi au neno moja; asipoitikiwa huongeza; nasi tunapokuja mbio kumkemea, amekwisha kujifunza kwamba mluzi haumleti mtu, ila kelele humleta. Kukemewa, kwake, ni kuitikiwa. Vivyo hivyo vicheko vya watoto, na kile kipande cha ndizi anachopewa ili anyamaze, ambacho kwa maoni yangu huharibu kuliko vyote.

Kwa hiyo chagueni mluzi mmoja mfupi ambao kila mtu nyumbani anaweza kuupiga, kuanzia watoto hadi dada wa kazi, na mwafikiane kuupiga kila mnapotoka sebuleni na kila kasuku anapouiga, hata kama mikono imejaa unga. Mchunguzeni pia mwili wake. Kabla ya kupiga kelele kasuku wangu hubana manyoya mpaka akaonekana mwembamba, hunyoosha shingo kuelekea mlangoni, hutembea huku na huko juu ya kijiti chake, na mboni zake husinyaa na kutanuka. Huo ndio wakati wa kumpigia mluzi, kwa kuwa bado anaweza kuridhika na jibu dogo. Akishaanza kelele, msimtazame wala kumsemesha. Ngojeni anyamaze, hata kwa pumzi chache tu, ndipo mmwendee kwa maneno mazuri na kitu anachokipenda.

Jueni mapema kwamba siku za mwanzo kelele zitazidi badala ya kupungua, kwa sababu ndege anaona njia yake ya zamani imeziba na anaijaribu kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo wengi hushindwa. Anayevumilia muda mrefu kisha akasalimu amri amemfunza kasuku kwamba dawa ni kupiga kelele kwa muda mrefu zaidi.

Shuka nalo lina mahali pake, yaani wakati wa kulala. Karibu na ikweta usiku wa msituni huchukua takriban saa 12, na kasuku huhitaji usingizi wa saa 10 hadi 12. Tundu likiwa kando ya televisheni inayozimwa saa sita usiku, ndege ataamka amechoka na mwenye hasira. Mhamishieni chumba chenye giza na utulivu mara usiku unapoingia.

Bakuli la alizeti peke yake pia halifai. Hulimaliza upesi, kisha hana kazi mchana kutwa, na aina hii ya kasuku huugua upesi kwa ukosefu wa kalisi (madini ya kalsiamu), hata kufikia kushikwa na degedege. Mpeni mchicha, karoti na viazi vitamu, na baadhi ya chakula mkifiche ndani ya maganda ya mahindi ili akitafute. Parachichi ni sumu kwake, asionjeshwe kamwe. Na kama alikuwa mtulivu kisha akaanza kelele ghafla, au mkia unapanda na kushuka anapopumua, mpelekeni kwa daktari wa mifugo kabla ya mafunzo yoyote.

Wapo watakaowashauri mmnunulie mwenzake. Mimi nakataa: mara nyingi mtaishia kuwa na kelele za ndege wawili, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu 2017, kwa sababu misitu mingi imekaribia kubaki bila ndege hawa.

Alfajiri na magharibi ataendelea kuita, kwa kuwa ndizo saa ambazo kundi huamka na kurudi kulala, na sioni haki ya kumnyima hizo. Mwelezeni jirani saa zenyewe, na tundu lisogezeni mbali na dirisha.