Treni ya Mombasa hukoswa Nairobi: piga hesabu kuanzia mwisho

Wengi wanaokosa treni ya Mombasa huikosa wakiwa bado Barabara ya Mombasa, ama wakiwa kwenye foleni ya mbwa wa ukaguzi pale Syokimau, stesheni ya Nairobi inakoanzia treni hiyo. Kwa hivyo shika saa ya kuondoka, kisha uhesabu ukirudi nyuma.

Kwanza saa yenyewe. Tiketi huandikwa 08:00, 15:00 au 22:00, yaani saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Ukimwambia shangazi anayesafiri mara ya kwanza kwamba treni ni "ya nane", atafika saa nane mchana na mzigo wake kichwani. Ya asubuhi ndiyo husimama vituo vingi vya njiani, Athi River, Emali, Kibwezi na kuendelea hadi Mariakani, ndiyo maana huchukua muda mrefu zaidi.

Tiketi hukatwa kwa *639# au kwenye tovuti, na malipo ni kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500, la kwanza 4,500. Namba ya kitambulisho isome mara mbili kabla ya kubonyeza. Tarakimu moja ikikosewa, mlinzi wa getini ndiye atakayeigundua. Ujumbe unaoletewa usiufute, maana ndio wa kuchapishia tiketi kwenye mashine za stesheni. Desemba na wikendi za Pasaka nafasi huisha mapema mno.

Kwa treni ya saa mbili, uwe Syokimau saa kumi na mbili na nusu, saa moja ikizidi sana. Kutoka mjini kwa matatu, ondoka kabla ya saa kumi na moja na nusu, kwa sababu mvua ikinyesha, Barabara ya Mombasa hufungana kabisa pale Bellevue na Cabanas. Ipo pia treni ya abiria kutoka stesheni ya zamani mjini hadi Syokimau. Hiyo haijui msongamano, ila ulizia ratiba yake jana yake.

Ukaguzi ndio hula muda. Mabegi hupangwa chini kwa mstari, wenyewe mnasogea kando, mbwa anapita akinusa moja baada ya jingine. Baadaye kuna mtambo wa kukagua mizigo, kisha kitambulisho na tiketi. Kosa la kila siku: kitambulisho kiko ndani ya begi, na begi liko chini kwenye mstari usioruhusiwa kuukaribia. Kiweke mfukoni. Kisu cha kumenyea maembe, mtungi wa gesi na pombe viache nyumbani.

Ndani ya daraja la kawaida viti hutazamana, vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili, kwa hivyo nusu ya abiria husafiri kinyumenyume. Anayetapika upesi aombe kubadilishana mapema, kabla watu hawajajipanga. Sanduku kubwa ni mateso kulipandisha juu. Mabegi mawili madogo ni afadhali. Beba leso ya kujifunika pia, baridi ya behewa haina huruma.

Treni ya usiku hufika Miritini, stesheni ya Mombasa, kabla ya alfajiri, na mjini bado ni mbali. Mpigie mwenyeji wako ukiwa Nairobi, usingoje kumwamsha saa tisa usiku.