Mota ya kuzungushia sola: kasi haiwasaidii kitu

Wadogo zangu mafundi, naona mota za waipa (za kufutia kioo cha gari) zilizofungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya paneli zimerudi tena mtaani. Haya, tuanze upya.

1. Mnauliza kasi kwanza. Jua linakwenda digrii 15 kwa saa, waipa inazunguka mara 40 hivi kwa dakika. Mnamkimbiza nani? Kusogeza paneli ni kazi ndogo. Mota inalipwa kwa kushikilia.

2. Upepo. Paneli ya wati 400 ina karibu mita 2 za mraba. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, hata kwa hewa nyepesi ya Mbeya, unaisukuma kwa nyutoni 400 hivi, sawa na uzito wa kilo 40. Mtasema ekseli iko katikati, pande zinalingana. Hazilingani! Paneli ikiinama, ukingo unaopokea upepo unabeba zaidi na msukumo unahamia huko. Ukihama sentimita 20 tu, ekseli inapata nguvu ya kuizungusha ya nyutonimita 80. Gia ya waipa mara nyingi ni ya plastiki: meno yanakatika, paneli inajipigiza kwenye nguzo, kioo kwaheri. Halafu fundi anatafuta mota kubwa zaidi, na tatizo ni pale alipoifunga.

Chukueni mkono wa dishi kubwa, ule wa mota na skrubu unaorefuka na kufupika kugeuza dishi la satelaiti. Ukiufunga sentimita 10 kutoka kwenye ekseli, zile nyutonimita 80 zinakuwa nyutoni 800 juu yake. Kwa sentimita 30 hazifiki 270. Asubuhi na jioni, mkono ukibaki na pembe ya digrii 30 tu na paneli, mzigo unakuwa mara mbili, kwa hiyo mkono wa nyutoni 1,500 unasalimika kwa sentimita 30, kwa sentimita 10 unapinda. Wa Makambako kwenye upepo mkali, pigeni hesabu upya: kasi ya upepo ikizidi mara moja na nusu, msukumo unazidi mara mbili.

3. Mikono mingi ya dishi ni ya volti 36. Kwenye 24 inajikokota, na ndivyo tunavyotaka. Skrubu yake inashika hata umeme ukikatika. Mota ya stepa (inayokwenda hatua kwa hatua) inakula umeme ikiwa imesimama, na ukiizima inaachia.

4. Huna hela? Waipa izungushe fimbo yenye nyuzi kama za bolti, ya M16 (unene wa milimita 16): mzunguko mmoja milimita 2, yaani sentimita 8 kwa dakika. Bodi (ganda la chuma) ya waipa nyingi ndiyo hasi, kwa hiyo itenge na fremu kwa mpira, la sivyo siku ya kubadilisha chanya na hasi ili mota irudi nyuma, fyuzi inakwenda na utailaumu rilei (swichi inayoendeshwa na umeme).

5. Waya wa milimita 0.5 za mraba kwa umbali wa mita 10, ampea 4: volti 2.8 zinapotea njiani, mota inanguruma tu. Wekeni 1.5.

6. Swichi za kikomo (zinazokata umeme paneli ikifika mwisho) pande zote mbili, kila moja na daiodi yake, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ili mota iweze kurudi.

7. Ekseli moja ya kaskazini-kusini inatosha huku kwetu. Ya pili ni mbwembwe. Sogezeni kwa taima, digrii 2.5 kila dakika 10, maana sensa ya mwanga siku ya mawingu inahangaika huku na huku mpaka betri inalala. Tundu la kutolea maji kwenye mkono litazame chini kabla mvua za Novemba hazijaanza.