Sensa mbili za oksijeni kwenye 1UZ: anza na ethi, jedwali baadaye

Mkuu, umesema 1UZ yako (injini ya V8 ya Toyota) inaendeshwa na kompyuta ya MegaSquirt 3, na una geji mbili za AEM X-Series za kusoma AFR, yaani uwiano wa hewa na mafuta, moja kila upande wa V8. Geji zote zinasoma 14.7, lakini kwenye laptopu upande wa kulia unasoma 15.2, na unataka kuukalibreti. Nina injini na geji kama zako. Nakusihi usiguse kwanza jedwali la AFR, lile ambalo kompyuta inatumia kugeuza volti za geji kuwa AFR.

Geji ikisema 14.7 na laptopu 15.2, sensa haihusiki hapo. Tatizo liko kati ya geji na kompyuta. Geji hizo hutoa volti 0.5 kwa AFR 8.5 na volti 4.5 kwa AFR 18, yaani kila volti moja ni AFR 2.375. Kwenye 14.7 kompyuta inatakiwa ipokee volti 3.11. Hiyo nusu ya AFR iliyozidi ni kama volti 0.21 tu, na kiasi hicho mara nyingi hutoka kwenye ethi.

Hita ya sensa inakula umeme mwingi, hasa sensa ikiwa ya baridi. Ethi ya geji ikifungwa kwenye bodi nyuma ya dashibodi, umeme huo unarudi kwa kupenya rangi na kutu, ethi inapanda, na ishara yote inapanda nayo. Pima hivi: washa gari liwe silensa (injini izunguke bila kukanyaga mafuta), ncha nyeusi ya multimita iweke kwenye ethi ya kompyuta, nyekundu kwenye waya mweusi wa geji. Kwangu ilisoma karibu 0.2, ikawa inashuka kadiri sensa inavyopata moto. Panatakiwa pasome sifuri au karibu sana na sifuri. Nilivuta waya mweusi hadi kwenye bloku ya injini, bolti moja na ethi ya kompyuta, na ule wa kahawia nikaupeleka kwenye ethi ya sensa ya kompyuta. Laptopu na geji zikakubaliana.

Baada ya hapo, kama geji zenyewe zitatofautiana, zima marekebisho ya EGO (kompyuta kurekebisha mafuta kwa kufuata sensa ya oksijeni), acha ekzosi ipoe, kisha badilishana sensa kulia na kushoto. Tofauti ikihama na sensa, sensa imechoka. Ikibaki upande uleule, angalia injini: ekzosi inayovuja kabla ya sensa, nozeli iliyoziba, au silinda inayomisi, yaani isiyochoma mafuta yake vizuri. Hii ya kumisi inadanganya watu wengi sana. Hewa isiyoungua inapita na oksijeni yake, sensa inasoma mafuta machache, fundi anaongeza mafuta wakati plagi tayari zimelowa.

Na tafadhali usikate soketi ya LSU 4.9, yaani sensa ya oksijeni ya geji hizi, ili kurefusha waya. Rezista ya kalibresheni ya sensa hiyo imo ndani ya soketi. Ukiitupa, sensa mpya kabisa itasoma uongo.

Pima ethi pande zote mbili, uweke namba hapa pamoja na logi (rekodi ya kompyuta) ya silensa.